Risasi za nyavu kwenye pindo la gauni

Jana nilimshonea mama mmoja wa Kirumba gauni la sendofu ya binti yake. Shughuli ni ufukweni, na upepo wa ziwa jioni mnaujua, haumstahi mtu. Nikakumbuka Malkia Elizabeth II: mafundi wake walimwekea vizito vidogo kwenye pindo ili gauni lisipeperuke mbele za watu. Nikachukua risasi nne za nyavu, vile vizito vya wavuvi, nikazifunga kwenye vijimfuko vya bitana, nikazishona kwa mkono. Mama akatembea mchangani, gauni likatulia. Alivyonishika mikono, machozi yalinilenga.

Yule malkia nampenda kama fundi. Rangi kali za manjano na kijani alizivaa ili hata aliye nyuma kabisa ya umati amwone. Hata mwavuli wake ulikuwa wa plastiki inayoonyesha ndani, uso usifichike.

Ila anayenigusa zaidi ni Diana, aliyekuwa mkwe wa malkia huyo. Mwaka 1987, London, alimshika mkono mgonjwa wa UKIMWI bila glovu, wakati watu wengi waliogopa hata kuwagusa. Glovu tu jamani! Kutoivaa kwake kulisema kuliko gauni lolote alilowahi kuvaa.