Daktari wa binti yangu anaondoka kliniki

Jumatano iliyopita tulikaa kwenye benchi la kliniki toka saa moja asubuhi kama kawaida yetu, mimi na binti, tukaitwa saa tano, na daktari hata kabla hajafungua faili akasema mama, nina jambo la kuwaambia, mwisho wa mwezi huu naondoka hapa, nahamia mkoani. Mimi nikaitikia tu "sawa daktari" halafu koo likakaba kabisa, binti akanishika mkono chini ya meza.

Kwa asiyetujua. Binti yangu alianguka mara ya kwanza akiwa na miaka 13, alfajiri, baada ya kukesha kwenye msiba wa bibi yake. Kituo tulichokimbilia wakasema kifafa, wakampa kabamazepini, tukarudi nyumbani. Ni dawa nzuri na kuna watu wengi imewatuliza miaka na miaka, ila kwa huyu wangu mambo yakaharibika zaidi, akawa akiamka asubuhi mikono inashtuka yenyewe, kikombe cha chai kinamruka, mswaki unadondoka, shuleni wanasema mzembe, na mimi mwenyewe nilishamgombeza sana kwa ajili ya vikombe, Mungu anisamehe.

Huyu daktari ndo mtu wa kwanza kumuuliza: asubuhi ukiamka mikono ikoje? Basi. Hilo swali ndo lilifungua kila kitu. Akatueleza kuna kifafa kinachowaanza vijana, cha kushtukashtuka asubuhi, kukosa usingizi kunakichochea sana, na kabamazepini inaweza kukizidisha. Akaipunguza taratibu huku anamwanzishia levetirasetamu. Nikamuuliza mbona kijana wa jirani yetu ana tatizo kama hili hili na valproeti imemtuliza kabisa, akasema kwa msichana anaikwepa kama kuna njia nyingine, maana akija kupata ujauzito ile dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Leo ana miaka 17 na ana mwaka na miezi minne hajaanguka.

Sasa hayo yote yaliandikwa wapi? Kwenye faili kuna tarehe, jina la dawa na dozi. Ile KWANINI ilikuwa kichwani kwa daktari, na mwenye kichwa anaondoka. Hofu yangu haikuwa kwamba daktari mpya atakuwa mbaya, hofu yangu ni mtu mwema kabisa anayetuhurumia na bei ya levetirasetamu (mwenzenu bei hiyo inanitoa jasho kila mwezi) anasema mama tujaribu kabamazepini, ni rahisi na inapatikana, na mimi najikuta sina lugha ya kumbishia.

Nikamwambia hivyo hivyo nilivyoandika hapa. Akatoa kwenye droo barua ya kurasa mbili ambayo kumbe alishaiandika, anasema wiki kadhaa sasa kila jioni anaandika za wagonjwa wake mmoja mmoja. Kila kitu kimo, dawa zilizojaribiwa, ziliachwa kwa sababu gani, mara ya mwisho kuanguka lini, asikeshe, na pale kwenye kabamazepini kaandika isitumike na kupiga mstari mara mbili. Nakala moja ikaingia kwenye faili, moja nikapewa mimi, nimeipiga picha na iko kwenye simu yangu, ya baba yake na ya mjomba wake. Akaandika na dawa za miezi miwili ili lisitokee pengo.

Hilo la pengo alilirudia mara tatu. Ukikatisha dawa ghafla, hata kama mtu alishatulia muda mrefu, anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati na hiyo inaua. Akanisimulia habari za Mahenge, kule Morogoro, ambako Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960 hivi, wakitibu kwa fenobabito. Wagonjwa 164 wa kule walikuja kufuatiliwa kwa miaka 30 na zaidi ya nusu walikuwa wameshafariki, wengi kwa mambo ya kifafa chenyewe, degedege isiyokatika, kuzama maji, kuungua moto. Nilitoka pale nimebana ule mkoba wa dawa kama nimebeba mtoto mchanga.

Halafu akamwita daktari anayempokea, dada mmoja mpole, tukakaa wote wanne. Akauliza hali, mimi nikaanza kujibu kama nilivyozoea miaka yote hii, akanisikiliza hadi nikamaliza, kisha akamgeukia binti akamuuliza yeye mwenyewe, asubuhi mikono ikoje? Binti akasema wiki ya mitihani ilishtuka siku mbili, alilala saa nane usiku. Mimi hilo sikulijua! Daktari mpya akaandika, wa zamani akatikisa kichwa kukubali.

Sista wetu wa kliniki yeye anabaki, yule anayetufahamu hadi kwa sauti ya simu, na hilo limenipa usingizi kuliko hata barua.

Kliniki ya kwanza na daktari mpya ni tarehe 14 mwezi ujao. Vidonge vilivyopo vinafika tarehe 29 ya mwezi huo huo, nimevihesabu jana na leo tena nimevihesabu.