Hisa, chaki ya cherehani na ami yangu

Kabla sijanunua hata hisa moja, mtaa mzima ulikuwa ushaniambia kwamba ni kamari. Kiongozi wa msafara ni ami yangu. Mwaka 2008, Safaricom ilipouza hisa kwa umma kwa shilingi 5, alikopa, akapanga foleni juani, akapata chache kuliko alizoomba kwa jinsi waombaji walivyojaa. Bei ikaporomoka, akaziuza chini ya shilingi 3 kwa hasira. Zilipopita 40 mwaka 2021, hakuna aliyethubutu kumtajia. Tangu hapo yuko barazani Kibokoni, Mombasa, kikombe cha kahawa tungu mkononi, anatoa fatwa.

Mimi nashona madera, Majengo. Akaunti ya CDS, ile ya kuwekea hisa, nilifungua kwa dalali, kitambulisho na karatasi mbili tatu, basi. Pesa zilitoka kwenye chupa ya vifungo: kila dera likitoka, hamsini yaingia humo. Wakati ule hununui chini ya hisa 100 (tangu Agosti 2025 hata moja unauziwa), kwa hiyo chupa ilijaa mara kadhaa kabla sijafika popote.

Sasa aibu yangu. Mwaka 2024 nikasikia gawio la mwisho wa mwaka la Safaricom, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, ni senti 65 kwa hisa, na daftari la wanahisa lafungwa mwisho wa Julai, asiyemo hapati. Nikajiona mwerevu wa Pwani nzima. Ya nini kununua mapema, pesa zikae bure? Nikangoja mpaka siku yenyewe ya kufungwa, nikanunua 300, nikaweka simu chini nikaendelea kutia lasi dera la harusi. Hesabu nilishapiga kwa chaki kwenye ukingo wa meza: shilingi 195, toa kodi ya asilimia 5, zabaki 185 na senti. Nikamwahidi mwanangu biriani.

Agosti ikaisha, Septemba ikaingia, simu kimya. Nikampigia dalali, nimefura.

"Dada," akaniambia kwa upole wa kuudhi, "ukinunua leo, hisa zaingia kwa jina lako baada ya siku 3 za kazi. Daftari lilipofungwa, zile bado zilikuwa za aliyekuuzia."

Yaani biriani yangu kaila mtu nisiyemjua, na hisa zake kaniuzia! Mwanangu nikampa viazi karai.

Na wale wa "nunua asubuhi, uza jioni", waulize makato kwanza. Nilinunua kwa 20, nikauza kwa 20.40, nikapiga kigelegele dukani. Kumbe dalali na ada za soko hula kama shilingi 2 kwa kila 100 ukiingia, na 2 nyingine ukitoka. Kigelegele cha hasara.

Ila nina hila moja, na hii najivunia. Siku hizi simwambii dalali aninunulie tu, namwekea bei. Hisa ikiwa 20, naandika 19.60 kwenye simu kabla ya saa 3 na nusu asubuhi soko halijafunguliwa, kisha narudi kwenye mishono. Ni kama leso za Biashara Street: ukionyesha macho umeipenda, umekwisha, ukielekea mlangoni, unaitwa. Mara nyingine siitwi, saa 9 alasiri soko lafungwa na oda yangu imekufa. Nafanya tena kesho. Kila Ijumaa naandika bei ya kufungia kwa chaki ukutani juu ya cherehani, na nikiona mstari umepanda wiki tatu mfululizo na watu wanaanza kuniuliza, hapo ndipo siongezi.

Hisa za Bamburi, kampuni ya saruji, msiniulize. Malori ya saruji yapita mlangoni kwangu kila siku, nikapigwa vumbi miaka yote, na sikununua hata moja. Mwisho wa 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ikaichukua kwa shilingi 65 kila hisa. Shoga yangu aliyerithi za babake alishonesha madera manne kwa mpigo, na bei hakubishana.

Juzi ami kaja dukani, ati kapumzika jua. Kakaa kiti cha wateja, kautazama ukuta, kanyamaza kitambo.

"Na ile ya Safaricom, leo ngapi?"

"Si uliuza zote, ami?"

"Nauliza tu, mwanangu. Kuuliza nako ni kamari?"