Nilivyohamishia sensa ya krenki ya zamani kwenye injini ya mtumba ya 1NZ

Injini za mtumba zinazoshushwa Kilindini mara nyingi huja na sensa zake mahali pake, ila nyaya zimekatwa kwa plaizi karibu kabisa na kichwa cha waya kinachochomekwa kwenye sensa. Hii ya 1NZ-FE, injini ya Toyota niliyoichukua Shimanzi, ilikuwa hivyo hivyo. Kompresheni ilikuwa sawa kwenye silinda zote nne, na chini ya kifuniko cha vali hapakuwa na oili iliyoganda. Tatizo lilikuwa sensa ya krenki, yaani kifaa kinachoiambia komputa ya gari mhimili mkuu wa injini (krenkshafti) umefika wapi: sikio linaloshikwa na boliti lilikuwa limevunjika, na ncha yake ilikuwa na ufa. Gari ni Toyota Probox, na injini yake ya zamani ilikuwa imekula beringi, lakini sensa yake ilifanya kazi hadi siku ya mwisho. Nikaamua kuihamisha.

Fundi mmoja aliniambia, "Bwana, sensa ni sensa, mradi inaingia tundu." Sikubaliani naye. Sensa ya krenki inatumikia mabwana wawili. Upande wa injini inasoma meno ya sahani iliyofungwa kwenye krenkshafti, na upande wa gari inapeleka habari kwa komputa inayotarajia mawimbi ya namna moja tu. Ikipatana na mmoja na kugombana na mwingine, injini haitawaka, au itawaka kisha ikusumbue njiani. Kwa hiyo kabla ya kuifunga nililinganisha vitu vinne.

Cha kwanza ni idadi ya waya. Sensa ya krenki ya injini hii ina waya mbili: ndani kuna sumaku na koili ya waya mwembamba, na inazalisha umeme wake yenyewe jino linapopita mbele yake. Ukikuta sensa ya waya tatu, kwa kawaida hiyo ni aina nyingine inayolishwa umeme na komputa, na hakuna ujanja wa kuunganisha waya utakaoifanya ielewane na komputa ya ile ya waya mbili. Cha pili ni meno. Nilimulika tochi kwenye tundu la sensa, nikapiga alama ya chaki kwenye puli, nikazungusha krenki polepole kwa boliti ya puli, upande wa saa, huku nikihesabu. Sahani ya 1NZ-FE ina meno 34, na pengo la meno mawili yanayokosekana. Pengo hilo ndilo linaloiambia komputa krenki iko wapi, na kila jino ni nyuzi 10 za mzunguko. Nilitazama pia kama kuna jino lililopinda au lenye kutu nene, kwa sababu injini iliyokaa godauni miezi kadhaa karibu na bahari haikosi unyevu.

Cha tatu ni urefu wa sensa kutoka kwenye kiti chake hadi nchani. Niliweka mbili pamoja mezani na kuzipima kwa kalipa. Zilikuwa sawa. Hapa hapana mahali pa kukisia, kwa maana nafasi kati ya ncha na jino haina skrubu ya kurekebishia, inatokana na urefu wa sensa yenyewe. Ikiwa fupi, mawimbi yanakuwa dhaifu na injini inakuwa ngumu kuwaka, hasa betri ikiwa imechoka na stata inazungusha polepole. Ikiwa ndefu, jino la kwanza litakalopita litaivunja. Cha nne ni kichwa cha waya: umbo, ndimi, na mpira wa ndani wa kuzuia maji.

Kama meno yangetofautiana, nisingehamisha sensa peke yake. Ingebidi kufungua kifuniko cha cheni na kuhamisha sahani pia, kazi ya siku nzima, na wakati huo ni nafuu kutafuta injini nyingine.

Kuitoa sensa ya zamani ndiko kunakovunja sensa nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kwanza safisha eneo lote kwa brashi na petroli kidogo, kwa sababu nyuma ya tundu kuna cheni na oili. Mchanga ukidondoka humo unaenda kwenye beringi. Sensa inashikwa na boliti moja ya spana namba 10. Boliti ilitoka bila shida, lakini sensa haikutikisika. Hapa pwani chumvi inaifanya alumini itoe unga mweupe unaoganda kama saruji kati ya sensa na ukuta wa tundu. Ukichomeka bisibisi chini ya sikio na kukweza, sikio linabaki mkononi, na nadhani ndivyo alivyofanya aliyevunja ile nyingine. Mimi nilipuliza mafuta ya kulegeza kutu, nikaiacha hadi asubuhi, kisha nikaishika kwa mkono na kuizungusha kushoto na kulia, nusu sentimita tu kila upande, bila kuvuta. Baada ya dakika kama tano ikaanza kuteleza yenyewe, ndipo nikaivuta. Oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzuia oili, ilikuwa imekauka na kuwa bapa upande mmoja.

Kisha vipimo. Ikiwa baridi, sensa hii inatakiwa isome kati ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 985 na 1,600. Yangu ilisoma 1,240. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Waya wa ndani ni mwembamba kama unywele. Unaweza kuwa umeachana mahali fulani lakini ncha zake zinagusana zikiwa baridi. Joto likipanda, plastiki inatanuka, ncha zinaachana, gari linazima kwenye foleni, halafu baada ya nusu saa linawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo niliifunga sensa ndani ya mfuko mzito wa plastiki, waya za mita zikitokea juu, nikaizamisha kwenye sufuria ya maji ya moto yasiyochemka kwa dakika 15. Ikiwa moto kipimo kinatakiwa kiwe kati ya 1,265 na 1,890. Kilipanda taratibu hadi 1,490 na kukaa hapo. Nikaigonga kwa mpini wa bisibisi ikiwa bado moto, namba haikuruka. Hiyo ndiyo sensa ya kuaminika. Naipendelea kuliko mpya ya bei ya chini isiyojulikana ilikotoka.

Kuna jaribio moja zaidi ambalo halichukui hata dakika. Weka mita kwenye volti za umeme geu, kipimo cha chini kabisa, na upitishe spana ya chuma kwa kasi karibu na ncha ya sensa. Namba zinarukaruka milivolti chache kila spana inapopita. Zisiporuka, sumaku au koili imekufa hata kama omu ziko sawa. Pangusa pia ncha: sumaku hukusanya unga wa chuma, na unga mwingi unafifisha mawimbi.

Kuifunga ni kazi ya kufanya injini ikiwa bado chini. Ikishaingia kwenye Probox, sensa inakuwa chini upande wa dereva, karibu na puli, na utalazimika kutoa gurudumu la mbele na kinga ya plastiki ili uifikie. Nilichukua oringi mpya dukani kwa kulinganisha na ile kuukuu, unene na kipenyo, nikaipaka oili safi ya injini. Sikuweka gundi ya gasketi. Gundi inainua kiti cha sensa na kubadilisha nafasi ile kati ya ncha na jino, na inayobaki ndani ya tundu hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la oili. Niliisukuma sensa kwa kidole gumba hadi kiti kikalala kabisa kwenye alumini. Isipolala, usiivute kwa boliti. Itoe, utazame kama kuna kipande cha oringi ya zamani kilichobaki ndani. Boliti inakazwa nyutoni mita 7.5 tu. Asiye na spana ya kupimia aishike racheti karibu na kichwa kwa vidole viwili, na akome inapogoma. Baada ya hapo nilizungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono huku nimeweka sikio karibu. Hapakuwa na mkwaruzo.

Upande wa nyaya, nilitumia zile za gari na si zile zilizokuja na injini. Waya za sensa ya krenki zimesokotwa pamoja na kufunikwa kwa wavu wa chuma, ili kelele za umeme za alteneta na koili za plagi zisiingie. Ukilazimika kuunganisha waya, zisokote tena vile vile, uunganishe na wavu, na usiupeleke wavu kwenye bodi upande wa injini. Unashikwa upande wa komputa peke yake. Viungo vichomelewe kwa risasi ya kuunganishia waya na kuvikwa mpira wa kusinyaa kwa moto, kimoja mbele kidogo ya kingine visigusane. Waya iliyosokotwa na kufungwa tepu nyeusi haimalizi masika mawili Mombasa kabla haijaota ukungu wa kijani. Na usibadilishane waya mbili hizo: mawimbi yanageuka juu chini, na komputa inasoma jino mahali ambapo si pake.

Kwa kuwa kila kitu kilikuwa wazi, nilihamisha pia sensa ya joto la maji. Asubuhi, hewa ikiwa kama nyuzi 28, ilisoma karibu omu 1,750, na kwenye maji ya nyuzi 80 ikashuka hadi 318. Inatakiwa iwe kati ya 310 na 326. Sensa hii ikidanganya kwamba injini ni baridi, petroli inamwagika bure na feni inachelewa, jambo la hatari kwa joto la hapa. Inaingia kwa soketi ndefu namba 19, pete mpya ya kuzibia (washa), nyutoni mita 20. Swichi ya oili ya waya mmoja ni tofauti: inapata hasi kupitia nyuzi za skrubu yake, kwa hiyo tepu nyeupe ya mafundi bomba inaweza kuikatia njia na taa ya oili isiwake kamwe, hata oili ikiisha.

Tulipopiga stata mara ya kwanza, injini ilizunguka bila hata dalili ya kuwaka. Pampu ya petroli ilikuwa kimya, na mtu wa pembeni akashauri ibadilishwe. Lakini kwenye Toyota hii komputa haiwashi relei (swichi ya umeme) ya pampu wala koili za plagi mpaka ione mawimbi ya krenki, kwa hiyo pampu kimya na plagi zisizotoa cheche, vyote kwa pamoja, vinaelekeza kidole mahali pamoja. Nilichomeka mashine ya kusomea komputa: mizunguko ya injini ilikuwa sifuri wakati stata inazungusha, na kodi ya hitilafu ilikuwa P0335, yaani ya sensa ya krenki. Sensa ilikuwa imepimwa mara tatu, kwa hiyo nikaenda kwenye kichwa cha waya. Ukikitazama kwa mbele pini zilionekana mbili, lakini moja ilikuwa imezama ndani milimita mbili hivi. Ulimi wake mdogo wa kushikilia ulikuwa umelala, na kila kichwa kilipochomekwa pini ilisukumwa nyuma badala ya kuingia. Niliitoa kwa nyuma, nikauinua ulimi kwa ncha ya sindano, nikaisukuma mpaka ikalia tik, kisha nikaivuta waya taratibu kuhakikisha imeshika. Nikasafisha pini kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, nikapaka grisi kidogo kwenye mpira wa kuzuia maji.

Stata ya pili ilionyesha mizunguko karibu 230 kwa dakika, na injini ikawaka kabla sijahesabu mbili. Nilifuta kodi na kuiacha ingurume hadi feni ikaingia na kutoka mara mbili.

Jaribio ninaloliamini zaidi ya yote nililifanya barabarani. Kutoka Jomvu nilipanda hadi Mazeras, mlima unaoipa injini kazi ya kweli, nikaegesha na kuizima mara moja. Ukizima injini iliyotoka kupanda, maji na hewa vinasimama, na joto la blok linakwenda kwenye sensa kuliko likiwa mwendoni. Nilisubiri dakika 10, nikawasha. Iliwaka mara moja. Nilirudia mara mbili, nikasoma komputa tena: hakuna kodi, wala iliyohifadhiwa kusubiri.

Baada ya wiki moja nilitoa gurudumu la mbele na kupitisha karatasi nyeupe kuzunguka kiti cha sensa. Ilitoka na vumbi, bila oili.