Miaka tisa nimechapa kila siku bila kuendelea, miezi minne ndo ilinibadilisha

Kazi yangu ni ya kuandika kwenye kompyuta na kwa miaka kama tisa nilikuwa nachapa kwa vidole viwili tu, macho yakiwa kwenye kibodi, nikiinua kichwa nakuta mstari mzima umeenda kwa herufi kubwa. Na sio kwamba nilikuwa nachapa kidogo, masaa matano sita kila siku. Siku moja nikajipima, maneno 31 kwa dakika. Iliniuma kwa kweli, maana siku zote naambiwa ukirudia kitu utakijua tu, sasa mimi nimerudia miaka yote hiyo mbona niko palepale?

Nikaanza kusoma soma nikakutana na Anders Ericsson, mwanasaikolojia wa Sweden ambaye mwaka 1993 yeye na wenzake walitoa utafiti wa wapiga violini wa Berlin. Wale waliokuwa bora walikuwa wamekaa masaa mengi zaidi peke yao wakifanya mazoezi hasa, yani ya kurekebisha kinachowashinda, sio kupiga tu kile wanachokiweza. Hapo ndo nikaelewa. Mimi nilikuwa nafanya kazi, mazoezi sijawahi kufanya hata siku moja.

Basi nikajiwekea dakika 15 kila asubuhi, nikishapiga mswaki tu nakaa kwenye kibodi kabla sijagusa simu. Niliifunga kwenye mswaki makusudi kwa sababu mswaki sisahau. Vidole kwenye safu ya katikati, vya shahada juu ya F na J, zile zenye kialama unachokisikia kwa kugusa, af naifunika mikono na kitambaa nisione kitu.

Wiki ya kwanza nilishuka hadi maneno 12 na hapa ndo wengi wanaachia, mimi mwenyewe kazini nilikuwa narudi kwenye vidole viwili nikibanwa na muda, af jioni najisikia vibaya. Mwisho nikaamua ujumbe mfupi wote nachapa kwa vidole kumi hata nikichelewa kujibu, kazi kubwa nikaihamishia kwenye vidole kumi wiki ya tatu.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuacha yale mazoezi ya kuchapa maneno ya Kiingereza nikatengeneza ya kwangu. Kiswahili kina A kila mahali na A inabonyezwa na kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kabisa, na Z nayo ni ya kidole hichohicho! Kwa hiyo kazi, zaidi, zawadi, mazao, maneno yote hayo kidole kimoja kinashuka na kupanda wakati vingine vimekaa. Nikawa naandika kwenye karatasi kila neno ninalokosea, asubuhi inayofuata nayachukua yale matano mabaya zaidi nayachapa taratibu sana, taratibu mpaka nisikosee, ndo naongeza spidi. Nikikosea napunguza tena. Ng'ombe na ng'ambo zilinichukua wiki nzima kwa sababu ya ile alama pale katikati.

Kuna wiki niliumwa nikakosa siku nne nikadhani nimeharibu kila kitu. Ila kuna utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London uliotoka 2010, walifuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya kwa wiki 12, wastani wa tabia kuwa ya kawaida ulikuwa siku 66, lakini makadirio yalianzia siku 18 mpaka 254, na kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Mimi zilikuwa nne lakini nilipata nguvu ya kurudi siku ya tano, na vidole vilikuwa bado vinakumbuka.

Mwezi wa pili nikarudi kwenye 31 yangu, safari hii bila kuangalia. Mwezi wa nne nikagonga 58, na shingo iliyokuwa inaniuma kila jioni kwa kuinama imetulia.

Dakika 15 bado ziko palepale baada ya mswaki. Sasa hivi niko safu ya namba na 6 ndo inanisumbua, mkono wa kushoto na wa kulia yote inaifikia, nimeamua kuipa wa kulia na nimeanza nayo jana.