Wajukuu wa Makobe

Mnunuzi alifika Kirumba na picha kwenye simu. Mjomba alizitazama kwa muda bila kusema neno. Zilikuwa za samaki wa mapambo wenye asili ya Ziwa Nyasa, madume ya Aulonocara, mwili wa bluu wenye madoa ya chungwa na meusi, wala hakuna wawili waliofanana. Samaki wa namna ile hapatikani ziwani. Wafugaji walimpata kwa kupandisha Aulonocara na mbuna wenye madoa, samaki wa miambani wa ziwa hilohilo, kisha wakawa wanachagua watoto kizazi baada ya kizazi.

"Mzee, nataka kitu kama hiki, ila kwa furu wenu, hawa samaki wadogo wa Ziwa Victoria," alisema mnunuzi. "Furu mwenye rangi ambayo hakuna mtu anayo. Wateja niachie mimi."

"Kaa kwanza, kijana," mjomba akamjibu. "Leo tunawakagua wajukuu. Utajionea."

Ilikuwa 2012. Nilikuwa nafundisha baiolojia sekondari hapo hapo Mwanza, na jioni nyingi zilinikuta nyuma ya nyumba ya mjomba, penye mabwawa yake madogo ya saruji na matangi ya kioo aliyoyapanga kwenye chumba cha uani. Ujanani alikuwa mtu wa boti, akiwapeleka watafiti kwenye visiwa vya mawe. Furu aliwajua kwa mwamba wanaokaa, kwa kina, kwa namna dume anavyotanua mapezi. Miaka ya 1980, sangara alipowamaliza, aliona nyavu zilizokuwa zikijaa furu zikipanda na sangara watupu. Inakadiriwa kwamba aina kama 200 za furu zilitoweka ziwani. Kwa hiyo furu hawakuwa mchezo kwake, na kwangu pia hawakuwa.

Tulikuwa tumepandisha aina mbili kutoka kisiwa cha Makobe. Wa kwanza ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu na watafiti Witte-Maas na Witte mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano uliokatwa na pau nyeusi. Wa pili ni ndugu yake, Pundamilia pundamilia, mwenye mwili wa kijivu kinachoelekea weusi na mapezi ya bluu. Wa bluu hukaa karibu na uso wa maji, mwekundu hushuka chini zaidi, ambako maji yameshameza mwanga wa bluu na kubakiza ule wa njano na mwekundu. Majike ya aina zote mbili ni ya rangi ya udongo, na mtu asiyeyazoea hawezi kuyatenganisha.

Majike hayo ndiyo yanayolinda mpaka baina ya aina hizi mbili. Jike la nyererei humtafuta dume mwekundu, la pundamilia humtafuta wa bluu. Mtafiti wa furu Ole Seehausen na wenzake walionyesha miaka ya 1990 kwamba ukiwamulika kwa mwanga wa chungwa pekee, rangi zikapotea machoni pao, majike hayachagui tena. Mjomba alikuwa amelisikia hilo botini zamani. Alifunika taa ya tangi moja kwa karatasi ya nailoni ya chungwa, ile ya kufungia zawadi, akaweka humo jike la nyererei na dume la pundamilia. Wakapandana. Jike likabeba mayai mdomoni kwa wiki kama tatu, mashavu yamevimba, halili, mpaka likatema vifaranga.

Kitu hikihiki kinatokea ziwani bila nailoni. Maji yakichafuka kwa udongo na mbolea ya mashambani, mwanga unabadilika na macho ya jike yanakosa kazi. Makala iliyochapishwa na Seehausen, van Alphen na Witte mwaka 1997 ilieleza hivyo: penye maji machafu rangi za furu zimefifia na aina ni chache. Ndiyo maana mjomba hakuruhusu hata kifaranga kimoja cha mchanganyiko kirudi ziwani. Maji ya kubadilishia matangi aliyamwaga kwenye mchicha.

Kizazi cha kwanza kilikuwa kimeshakua, na hakikumvutia mtu. Madume wote walifanana, wekundu uliofifia mgongoni, ubavu wa kijivu chenye kutu, mapezi si bluu wala si mekundu. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jeni za huku na nusu za kule, kwa hiyo hawakuwa na namna ya kutofautiana. Tukawapandisha wao kwa wao. Watoto waliozaliwa humo ndio wale wajukuu, na siku ile mnunuzi alipokuja walikuwa wamefikia umri wa kupaka rangi.

Kukagua furu kunataka subira. Dume aliyeshindwa na wenzake huficha rangi yake, hujifanya jike. Ukiwahesabu wote wakiwa bwawani utadhani ni wale wale wa rangi ya udongo. Inabidi umtoe mmoja mmoja, umpe tangi lake na kipande cha chungu awe nacho kama pango, na jike upande wa pili wa kioo. Akishaamini kwamba hapo ni kwake, rangi inapanda ukimwangalia. Chakula nacho lazima kiwe sawa kwa wote, kwa sababu sehemu ya wekundu hutokana na karotini ambayo samaki hawezi kuitengeneza mwenyewe, ni lazima aile. Tulikuwa tumewalisha wote unga uleule wa dagaa na uduvi. Bluu haitegemei chakula namna hiyo, hiyo ni mwanga unaorudishwa na fuwele ndogo ndani ya seli za ngozi.

Tukaanza asubuhi. Mjomba anavua kwa wavu mdogo, mimi naandika, mnunuzi ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Dume wa kwanza mgongo wa chungwa, ubavu wa kijivu. Wa pili bluu tupu, ungesema ni pundamilia aliyevuliwa jana. Wa tatu ubavu wa njano iliyokolea lakini mgongo hauna wekundu hata chembe. Nilisimamisha kalamu. Njano na wekundu, ambavyo kwa nyererei huonekana kama vazi moja, vilikuwa vimeachana! Kila kimoja kilikuwa na jeni zake, na zilikuwa zimechanganywa na kugawiwa upya kama karata.

Kufikia adhuhuri tulikuwa tumekagua madume kama sitini. Hesabu yake niliizoea darasani, ila sijawahi kuiona ikiogelea. Kama wekundu wa mgongo ungekuwa kazi ya jeni moja ambayo nakala ya upande mmoja haiifuniki ya upande wa pili, robo ya wajukuu wangerudi kuwa wekundu kamili, yaani kama kumi na watano. Zikiwa jeni mbili, mmoja kati ya 16. Tatu, mmoja kati ya 64. Nne, mmoja kati ya 256, na hapo pengine tusingemwona hata mmoja. Sisi tulipata wanne au watano wa kukubalika. Jeni chache basi, pengine mbili, ingawa sitini ni wachache mno kuapia. Waliorudi kuwa nyererei mzima, mgongo na ubavu pamoja, alikuwepo mmoja tu.

Na wekundu wote huo uliingia kwenye ukoo kupitia bibi yao, jike la rangi ya udongo ambalo halikuwahi kuwa jekundu siku moja. Hili mpaka leo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika urithi wa furu.

Ndipo mjomba akamtoa dume mmoja ambaye alimnyanyua mnunuzi kutoka kwenye ndoo. Kichwa na mabega mekundu, ubavu mweusi unaong'aa bila njano yoyote, mapezi ya bluu mpaka kwenye mkia. Alikuwa mzuri kweli, sina sababu ya kumpunguzia.

"Huyu! Huyu ndiye," mnunuzi alisema. Akataja bei ambayo ingeezeka upya ile nyumba. "Nampa jina, tunasema ametoka kisiwa fulani, kazi imekwisha."

"Kisiwa kipi?" mjomba akauliza.

"Mzee, visiwa viko vingi."

"Vingi, lakini huyu ametoka chumbani kwangu."

Mnunuzi akanigeukia mimi, labda kwa kuwa ni kijana mwenzake. Akaniambia tumpandishe dume yule na dada zake, tutapata mia wa kufanana naye, kama walivyofanya wale wa Nyasa. Nikamweleza tofauti. Madoa yale ya chungwa yanatokana na badiliko moja karibu na jeni iitwayo pax7, lililoelezwa na watafiti mwaka 2009. Linatawala, ukimpa samaki nakala moja tu madoa yanatokea, kwa hiyo nusu ya watoto wanayapata palepale. Tena ziwani limekaa jirani na jeni inayoamua samaki awe jike, ndiyo maana kwa asili wenye madoa karibu wote ni majike. Mfugaji akishalihamishia kwa madume, rangi anayo. Huyu wetu ni mkusanyiko wa jeni kadhaa zilizokutana mara moja. Akizaa, zinaachana. Na dada zake unawachaguaje, ikiwa wote ni wa rangi ya udongo na kila mmoja amebeba mchanganyiko usiouona?

"Mtu akimnunua kwa bei hiyo," nilimwambia, "akawazalisha, akapata rundo lisilofanana na baba, atakuja kwako, si kwa kisiwa."

Hakuridhika. Mjomba, ambaye hapendi mtu aondoke na ubishi, akasema tutampandisha tuone, na atampigia simu wakishakua.

Akampigia kweli, mwaka uliofuata. Nilikuwa nimewaleta wanafunzi wangu wa kidato cha nne waandike wenyewe. Kati ya watoto wa yule dume, wenye kichwa chekundu na mapezi ya bluu walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wengine walikuwa wa kutu, wengine weusi, na kundi zima lilikuwa na ubavu wa njano.

Mnunuzi aliinama kwenye kioo. "Baba yao hakuwa na njano. Hii imetoka wapi?"

Mwanafunzi mmoja alimwahi kabla yangu: "Kwa mama zao, kaka. Wale pale," akamwonyesha majike ya rangi ya udongo.

Siku hiyo alinunua nyererei safi, vifaranga wa mabwawa ya saruji ambao mjomba aliwajua mpaka bibi zao, na kwenye kila mfuko mjomba aliandika kwa kalamu ya wino mzito: Makobe.