Nilivyotumia asilimia za damu kupata buldogi wa kuhimili jua la Masasi

Nafuga mbwa wa ulinzi hapa Masasi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Huyu ana asilimia ngapi za buldogi?" Najibu, maana hesabu ninayo kwenye daftari. Ila mteja akiondoka na jibu hilo tu, habari yenyewe kaiacha kwangu.

Msimu wa korosho ukikaribia, watu hutafuta mbwa wa kulala shambani au ghalani. Mbwa wa kienyeji ana sikio kali na anatosheka kwa ugali na dagaa, lakini mwizi akiinama tu kuokota jiwe, mbwa keshafika kwa jirani. Buldogi wa Kiingereza, mbwa mnene wa pua iliyobapa, hakimbii, ila saa nane mchana, majabali ya Masasi yakishapata moto, hana hata pumzi ya kubweka. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anapoza damu kwa kuhema, na pua ikishafupishwa njia ya hewa inabanwa.

Dume wangu wa buldogi nilimpata kwa mtu aliyekuwa anahama Dar es Salaam. Mzee jirani yangu alikuja kumwona, akamtazama weee.

"Mwanangu, mbwa wako anakoroma naye yuko macho."

"Ndivyo walivyoumbwa, babu."

"Na nani?"

Mzee alinipata. Waliomfanya hivyo ni watu. Uingereza ilipiga marufuku mchezo wa kuwapambanisha mbwa na mafahali mwaka 1835. Buldogi alizalishwa kwa kazi hiyo; ilipokwisha, akawa wa maonyesho, na sura ikachaguliwa kuliko pumzi. Leo huko kwao wengi wao huzaa kwa kupasuliwa, kwa sababu kichwa cha mtoto hakipiti kwenye nyonga ya mama.

Kwa hiyo sikuwa na nia ya kuzalisha buldogi halisi. Nilifuata njia ya Mmarekani David Leavitt, aliyeanza mwaka 1971 kuunda buldogi mwenye afya akampa jina la Olde English Bulldogge. Mchanganyiko wake ulikuwa nusu buldogi wa Kiingereza, na sehemu moja ya sita kila mmoja kwa Bullmastiff, Pit Bull na American Bulldog. Mpango wa kupandisha aliuchukua kwenye ufugaji wa ng'ombe, jambo lisilotushangaza sisi wenye ng'ombe wa Mpwapwa, ambaye damu yake ni ya Sahiwal na Red Sindhi, ng'ombe wa Bara Hindi, kwa wingi, pamoja na zebu wa Tanganyika, Boran na kidogo ya Ulaya.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Chukua asilimia ya baba, jumlisha na ya mama, gawa kwa mbili. Dume wangu wa buldogi nilimpandisha kwa jike wa Boerboel, mbwa mkubwa wa Afrika Kusini, alfajiri kukiwa na ubaridi, jike akisimama upande wa chini wa mteremko maana dume ni mfupi. Watoto: 50 kwa 50. Majike wawili wa uzao ule, ndugu wa tumbo moja, niliwapandisha kwa madume ya kienyeji, mmoja wa Newala na mwingine wa Nachingwea. Watoto wa pande zote mbili: kienyeji 50, buldogi 25, Boerboel 25. Hapo ndipo nilipotaka kufika.

(Ukijaribu kupata moja ya sita kama ya Leavitt, jiandae kuumwa kichwa. Kugawa kwa mbili kunakupa 50, 25, 12.5, 6.25 na jumla zake, 18.75 utaipata, 15.625 utaipata, lakini moja ya sita kamili haitoki milele. Ile ni shabaha ya kukaribia.)

Sasa tuangalie mbwa wenyewe. Uzao wa kwanza walifanana kama sahani za seti moja. Uzao wa pili, wote buldogi 25 kwenye karatasi, kila mmoja alikuja na lake. Mmoja alikuwa na pua ndefu na mkia wa upinde, ukimweka stendi ya mabasi utasema koko. Dada yake kifua kipana, taya la chini limetokeza, anakoroma kama babu yake. Sababu ni kwamba mtoto hupata nusu kamili ya kromosomu zake (nyuzi zinazobeba urithi) kwa kila mzazi, lakini kwa babu anapata robo kwa wastani tu. Mbwa ana jozi 39 za kromosomu, na mama anapogawa, hachagui kwa usawa kati ya alichopewa na baba yake na alichopewa na mama yake. Daftari linasema 25. Mbwa anaweza kuwa na zaidi au pungufu.

Halafu kuna asilimia ya pili ambayo wauzaji wengi hawaitaji kabisa, ya undugu wa wazazi. Nikimpandisha kaka kwa dada wa uzao ule wa pili, watoto watabaki 50, 25, 25, safi kabisa kwenye tangazo. Lakini kipimo chao cha undugu, kwa kanuni aliyoitoa mtaalamu wa urithi Sewall Wright mwaka 1922, ni asilimia 25 au zaidi. Nikimpandisha mtoto wa dume la Newala kwa mtoto wa dume la Nachingwea, ambao ni binamu, damu ni ile ile 50, 25, 25, ila undugu unashuka hadi 6.25. Kwa hiyo daftari langu lina safu mbili, na ninapopanga kupandisha naanza kusoma ya undugu.

Kuchagua nani abaki, namba za daftari haziingii. Kennel Club ya Uingereza (chama cha wafuga mbwa) na Chuo Kikuu cha Cambridge wana kipimo cha pumzi: mbwa husikilizwa koo kwa stethoskopu, akakimbizwa polepole dakika 3, akasikilizwa tena, akapewa daraja kuanzia 0 hadi 3. Bwana mifugo wetu hunisaidia kufanya kinachofanana na hicho, jioni jua likiwa limepungua. Yule dada mwenye taya alianza vizuri, baada ya kukimbia koo likapiga filimbi. Sura yake ndiyo iliyopendwa na wateja kuliko zote, na fedha zilitolewa mezani. Nilimtoa kwenye uzalishaji nikampeleka kulinda duka la ndugu yangu, usiku. Koko wa stendi ndiye aliyebaki. Watoto wake wanazaliwa wenyewe, kwenye mchanga, bila daktari kuamshwa.

Hatua inayofuata ni kuleta dume jingine la kienyeji kutoka Lindi, undugu usipande. Watoto watakuwa kienyeji 75, na buldogi atashuka hadi 12.5. Nitamrudisha kwa kupandisha majike wao kwa dume wa 50 kwa 50 niliyemhifadhi: buldogi atapanda hadi 31.25. Wanaotaka 100 huwa nawaambia waende Dar, na wasisahau feni.