Vile tulirudisha matete kwenye kijito chetu hapa Bukavu

Nyie wa Bukavu mnajua mto Kawa vile uko, sitaanza kueleza. Kijito chetu ni kidogo kuliko hiyo lakini shida ni ileile, kinashuka na sashe (mifuko ya plastiki), chupa, pampa za watoto, vyote vinaingia Ziwa Kivu, halafu plastiki zinafuata mayi mpaka mto Ruzizi zinaziba barazhi ya Ruzizi I, bwawa la umeme wetu, turbini zinasimama, na sisi haohao tuliotupa tunalala giza tukilalamika. Amri ya kukataza sashe ilitoka mwisho wa 2017. Endeni tu sokoni Kadutu mtaona bado ziko.

Salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya usafi, tulikuwa tunafanya, tena na watu wengi. Tunatoa taka, tunaziweka kando, mvua moja ya usiku inazirudisha zote ndani. Mimi nikaona kazi kubwa iko kule chini kwenye kinamasi, kwa sababu kinamasi ndicho kilikuwa kinapunguza mayi mbio, udongo wa erozioni unabaki pale na tilapia wadogo wanajificha kwenye matete. Sasa kilikuwa kimelimwa chote mpaka pale mto unaingia ziwani: lengalenga (mchicha), shu (kabichi), makolokazi (magimbi).

Vijana wengine walitaka tuende na polisi. Nikakataa kabisa, wale wanaolima ni wamama, minervali (karo) ya watoto inatoka kwenye hizo lengalenga, ukiwafukuza leo kesho wanarudi na wako na haki. Nikaenda kwanza kwa mama mmoja mkubwa wa likelemba yao (chama chao cha kuchangiana pesa), nikaenda nyumbani kwake, siyo shambani mbele ya wengine. Nikaeleza yote, ziwa, samaki, umeme. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza, "Mwanangu, matete yanaliwa?"

Bon, ikabidi nijibu hiyo. Watu hawayali, lakini dende (simbilisi) wanakula, sungura wanakula, mbuzi pia, na huku kwetu nani hana dende jikoni? Ndiyo tukapatana hivi: wanaacha hatua nne kila upande wa mayi, matete yakishika wao peke yao ndio wana ruhusa ya kukata majani na kuuza, na matope tunayochimba ndani ya kijito yanaenda kwenye bustani zao kwanza, yale matope ni mbolea kweli. Shefu wa avenyu (mtaa) akaandika kwenye karatasi, kila mama akatia sahihi ao kidole. Bila ile karatasi ingekuwa kelele tu.

Kupanda siyo kazi ngumu. Unakata kipande cha tete chenye vifundo viwili vitatu, unakichomeka kimelala kidogo, kifundo kimoja ndani ya udongo, na unafanya hivyo mvua za Septemba zikianza ili usimwagilie. Mbuzi ndio maadui, tulizungushia miiba. Mafunjo hatukupanda, yalijirudia yenyewe pale mayi yanasimama.

Juu kidogo tukafunga kizuizi cha taka: wavu wa zamani wa sambaza (samaki wadogo wa ziwa), wavuvi walitupatia bure, tumejaza chupa tupu zilizofungwa vizuri ili uelee. Msiufunge moja kwa moja kukata mto, mayi makubwa yataukata. Uwekeni mshazari, taka zinasukumwa zenyewe pembeni na kijana anazitoa na reki akiwa amesimama pakavu. Chupa nzima ziko na wanunuzi, wanaweka ndani mafuta na kasiksi (pombe ya ndizi), hizo hazilali pale. Sashe ndizo hakuna mtu anazitaka.

Kila nyumba inatoa franka elfu moja kwa mwezi za yule kijana na za chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma) ya kupeleka taka. Avenyu za chini wanatoa, kwa sababu wameona mayi hayaingii tena nyumbani sana. Wale wa juu mlimani, ambao ndio wanatupa, wanasema mto haupiti kwao. Wiki ijayo naenda kwao na yule mama wa likelemba, yeye ndiye ataongea.